Kabati la Chuma la Darasa la Sita

Nyumba ya kona,
Nyuma ya ghala la nafaka,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye meza ile ile tuliyokuwa tukigombania upande wa dirishani. Siku hizi naukalia peke yangu na hauna raha tena. Hujambo huko? Mgongo unaendeleaje? Ulisema wanakupa wazee wazito wa kuwageuza kitandani, na tangu siku hiyo kila nikiinua ndoo ya maji nakukumbuka. Piga magoti ukiinua, usiiname. Na baridi ya huko je, koti nililokushonea linafaa au linaingiza upepo mikononi? Niambie ukweli, sitanuna.

Sisi hapa wazima. Shemeji yako kikohozi kimemwachia, amebaki kukohoa kwa mazoea tu anapotaka chai. Mwanao ni mzima. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mbele ya barua hii kuna mambo yasiyopendeza, na ninavyokujua ungeruka mistari ukimtafuta yeye. Usiruke. Chiriku wetu amekula, ameoga, yuko chumbani kwake amerudisha mlango, anasema anapumzika.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu hukatika kila tukifika kwenye jambo lenyewe, na kwa sababu tukiongea kwa simu mtoto husimama pembeni masikio wazi. Mkunga wa mtaa wa pili anasafiri kesho kutwa kuja kumwona mwanawe huko, ataibeba. Shajara yangu iko hapa pembeni nisije nikachanganya tarehe. Cheka tu. Ulinicheka tangu tukiwa shule kwa kuandika hata siku ya kufua.

Jambo lenyewe ni vishikwambi, zile tableti za kugusa kwa kidole. Nilikuambia kwa ufupi kwamba shule yetu imevipata. Vilikuja tarehe 4 Mei, kwenye maboksi yaliyokwisha kufunguliwa na kufungwa tena kwa utepe wa rangi nyingine. Mkuu wetu alisema ni msaada wa shule moja yenye uwezo iliyonunua vipya, na kwamba vimetumika kidogo tu. Darasa la sita tukapewa sisi kwanza, kila mtoto na chake, na mimi nikateuliwa kuandaa somo la mfano la sayansi. Nikimaliza mimi, walimu wengine wataiga.

Nilifurahi, mdogo wangu. Unajua mimi na kuchora. Kila mwaka nachora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu, na kila mwaka hakosi mtoto wa kuniuliza kama ni kiazi. Sasa moyo uko kwenye kioo, unadunda, mtoto akiugusa kwa kidole anaona damu ikiingia chumba hiki na kutokea kile. Mtaalamu alitufundisha mchana mmoja jinsi ya kuwasha, kuzima, kufungua somo na kurekodi sauti, akaenda zake. Yaliyobaki nikajifunza mwenyewe, nikikosea na kurudia.

Andalio langu la somo niliandika upya mara nyingi. Ulivyozoea kuliona lina safu mbili, mwalimu anafanya nini na mwanafunzi anafanya nini. Mimi nikaongeza safu ya tatu kwa rula: kishikwambi kinafanya nini. Hakuna aliyenifundisha hilo. Mkuu aliliona akanisifu mbele ya walimu wote, nami nikarudi nyumbani nimevimba kichwa, shemeji yako akaniuliza kama nitapita mlangoni.

Na mwanao akateuliwa kiranja wa vishikwambi. Sikumteua mimi, usije ukafikiri ni upendeleo. Darasa ndilo lililompigia kura, kwa sababu ana kelele na haogopi mtu. Akapewa ufunguo wa kabati, akautungia uzi na kuuvaa shingoni. Alilala nao. Asubuhi ulikuwa umemchora alama kifuani, akakataa nisimpake mafuta ili wenzake waione.

Sasa nikueleze kabati, maana ndilo linalonikosesha raha.

Ni la chuma, refu kunizidi, limefungwa ukutani kwa bolti ili wezi wasilibebe. Kila rafu ina waya wa chaji, na nyaya zote zinakutana kwenye soketi moja, ile iliyo kando ya mlango, kwa kuwa ndiyo pekee nzima. Kwa hiyo kabati liko kando ya mlango. Mlango ni huo mmoja. Madirisha yote yana nondo, unayakumbuka madirisha ya shule. Na kando ya kabati ndipo lilipohamishiwa dawati la kiranja, awe karibu na kazi yake.

Umeme wetu huja na kuondoka bila kuaga. Mkuu akaamuru waya usichomolewe kamwe, usiku na mchana, ili umeme ukija tu vishikwambi vinywe. Matokeo yake kabati lina joto. Si joto la kuunguza, ni kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Na kwa kuwa huku nako kumeingia baridi na manyunyu, watoto wakifika asubuhi wanaligombania, wanaliegemea kwa migongo, wanabandika viganja. Hata mlinzi wetu amehamia humo. Siku za mvua anatandika gunia chini na kulala ameliegemea. Nilimkuta hivyo siku moja akaniambia, "Mwalimu, usinifukuze. Hapa ni kama nimelala na mke wangu, tofauti ni kwamba hili halisemi."

Nilicheka. Tulikuwa tukicheka sana wiki zile za mwanzo.

Tarehe 25 Mei kishikwambi kimoja kilikataa kulala mezani. Ukikiweka kinayumba, ukikisukuma kinazunguka kama pia. Watoto wakakizungusha kwa zamu. Nilipokishika niliona mgongo wake umetuna na kioo kimeinuka pembeni, ungeweza kupenyeza ukucha.

"Mwalimu, hii tableti ina mimba!" akasema mmoja wa wavulana wa nyuma.

"Baba yake nani?" mwingine akadakia.

"Si wewe uliyelala nayo jana!"

Darasa zima likalipuka. Wiki ile vikawa viwili, kisha zaidi. Watoto wakawa wanavichunguza kila asubuhi kuona nani amepata mtoto.

Ukikumbuka shule yetu, ukiharibika kitu chochote chenye kurasa, unakipeleka kwa nani? Kwa Mwalimu Gundi. Yupo bado, ndugu yangu, yule yule aliyetufundisha kusoma, mvi zimemjaa na miwani imefungwa kwa uzi. Chumba cha maktaba ndicho nyumba yake. Ana sufuria yake ya gundi, sindano za kushonea migongo ya vitabu, na kile kibanio chake: mbao mbili nene, parafujo ya chuma katikati, na mkono wa kukazia. Kitabu kikinyeshewa kikavimba, anakitia humo, anakaza kidogo kila siku, na baada ya wiki kinatoka kimenyooka kama kipya. Hakuna kitabu darasani kwangu ambacho hakijapita kwenye mbao zile.

Basi vishikwambi vilivyovimba tukampelekea yeye. Hakuna aliyeona ajabu, wala mimi. Kitu cha shule kimevimba, kinabanwa. Alivitazama juu chini, akavipigapiga kwa kidole kama anavyopiga jalada, akasema ni unyevu wa manyunyu haya. Akavitia kibanioni kimoja kimoja. Na ajabu ni kwamba vilitoka vimenyooka! Kingine kilitoka na ufa mwembamba kwenye kioo, lakini kiliwaka na moyo ukadunda. Chiriku ndiye aliyekuwa akivipeleka na kuvirudisha kabatini. Siku moja nilimkuta amesimama kando ya Mwalimu Gundi, amekunja mikono nyuma kama mkaguzi.

"Hakiumii kikibanwa?"

"Kikiachwa bila kubanwa ndiyo kinaumia, binti. Taratibu tu. Leo kidogo, kesho kidogo."

Alikuja nyumbani akaniigiza maneno hayo na sauti ya mzee ile ile. Tulicheka hadi shemeji yako akamwaga chai.

Kitu kimoja sikukipenda, nacho nimekiandika kwenye shajara tarehe 3 Juni. Harufu. Ni tamu, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, au kama tunda lililoiva kupita kiasi na kusahaulika kapuni. Walimu wote tulisema ni gundi ya mzee. Mzee mwenyewe akanusa sufuria yake, akanusa hewa, akasema, "Hii siyo yangu." Tukamcheka kwamba uzee umemharibu pua. Harufu ikanifuata kwenye nguo hadi nyumbani.

Ijumaa iliyopita, tarehe 12, watoto walikuwa uwanjani wakifyeka na kufagia kwa ajili ya wageni wa kesho. Sijakuambia kuhusu wageni. Kesho Jumatatu wanakuja wakubwa kutazama somo langu la mfano, na wakiridhika shule itajengewa madarasa mapya. Mkuu amenunua hadi zulia. Mimi nikaenda maktaba kuchukua kishikwambi kilichobaki kibanioni.

"Hiki kibishi," Mwalimu Gundi akaniambia. "Wenzake wamekubali, hiki kinanirudishia."

"Basi kiache, Mwalimu. Nitawakalisha wawili wawili."

"Nikiache? Mimi nimenyoosha kamusi iliyoanguka kisimani, kinishinde hiki kipande cha kioo?"

Akashika mkono wa parafujo, akaukaza.

Nilisikia kama kitambaa kinachanika. Kisha mlio wa mvuke. Moshi mweupe ukatoka katikati ya mbao, mzito, wenye utamu ule ule lakini sasa unakaba koo, na kabla sijasema neno moto ukachomoka ubavuni, mwembamba na mkali kama wa fundi wa kuchomelea. Mzee hakukimbia. Alishika kibanio chake akakiinua akitupe nje, akafika dirishani, na dirisha lina nondo. Akageuka nacho hivyo hivyo, kikimuunguza, hadi mlangoni. Mwalimu wa zamu alikuja na ndoo akamwaga maji. Kikanyamaza. Tukapumua. Tukiwa tumesimama tunakitazama, kikawaka tena.

Mkono wake wa kulia umefungwa hadi kwenye kiwiko. Nilimwona hospitali jana. Hakulalamika maumivu. Alinishika kwa mkono wa kushoto akaniambia, "Vile nilivyovinyoosha vikarudi kabatini. Ni vile vile tu, sikuviponya. Nimevifunga mdomo." Akafumba macho. Nilikaa pale hadi muuguzi akaniondoa.

Ijumaa ile ile nilimfuata Mkuu ofisini. Si mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa anatoka jasho. Nilimwomba tuchomoe waya, tutoe vishikwambi vyote nje, uwanjani, mbali na watoto.

"Mwalimu, wageni wanakuja Jumatatu. Niwaonyeshe nini, maboksi?"

"Uwaonyeshe watoto wazima, Mkuu."

"Kilikuwa kimoja kibovu, kimekwisha. Mzee alikikaza mno. Kabatini hakuna anayekaza." Kisha akashusha sauti. "Na watoto waambiwe sufuria ya gundi ilimwagika. Hofu ikiingia kwa wazazi, shule hii imekwisha. Mwenye kutaka kueneza mengine, kuna shule kule milimani hazina walimu."

Nikajibu, "Ndiyo, Mkuu." Maneno mawili tu. Akamwita Chiriku, akamvua ufunguo shingoni, akafungua kabati na kuvihesabu. Kimoja kilipungua, ukiacha kile kilichoungua. Akasema kitakuwa kwenye takataka za mzee. Akafunga, akatia ufunguo mfukoni, waya ukabaki kwenye soketi.

Usiniulize kwa nini nilikubali. Nitakuambia mwenyewe. Nikihamishwa milimani, mwanao namwacha na nani? Shemeji yako anatoka alfajiri na kurudi jioni. Niliwaza hilo moja tu, kwamba nimekuahidi kumlea mikononi mwangu.

Jioni mezani mtoto aliniuliza Mwalimu Gundi amepatwa na nini. Nikamwambia nilivyoagizwa.

"Gundi ya moto imemmwagikia."

"Kwa hiyo kibanio hakina kosa?"

"Hakina."

Akaendelea kula.

Tangu Ijumaa hiyo hayuko sawa. Nadhani ni kwa kuvuliwa ufunguo. Chiriku asiyenyamaza amenyamaza. Anatandika kitanda mwenyewe, hataki nimsaidie, mimi niliyekuwa nikimkimbiza na shuka kila asubuhi. Hata kabla ya hapo, Alhamisi, aliniomba ile kamusi yako kubwa, nikafurahi kwamba ameanza kupenda maneno kama wewe. Jana akaniomba pasi ya mkaa anyooshe sare ya kesho, nayo hajairudisha. Nilimwambia sare imekwisha kunyooshwa. Akasema ataiweka tu karibu, ikijikunja.

Umeme hauko tangu jana asubuhi. Ndilo jambo pekee lililonipa usingizi. Kabati halinywi, limepoa, na nimejiambia kwamba hadi kesho litakuwa limetulia. Lakini andalio langu la somo liko hapa chini ya shajara, na kila nikilitazama macho yanakwenda kwenye ile safu ya tatu. Kishikwambi kinafanya nini. Nilijaza mistari mingi pale. Sikuandika hata mmoja kuhusu kinachofanya kikiwa peke yake kimefungiwa gizani.

Kwa hiyo nilikuwa nataka kukuuliza wewe, mama mwenye mtoto. Ungependa ninyamaze nibaki naye, au niseme tutengane? Nimeliandika swali hili mara mbili na kulifuta. Sasa naliacha hivyo.

Nguo zangu za shule nimezifua jana, zimeanikwa nyuma. Nimeoga. Nimevaa gauni la nyumbani. Na bado, tangu nianze ukurasa huu, nasikia ile harufu.

*

Nimerudi. Mwandiko umebadilika, nisamehe.

Nilifuata pua. Sebuleni hafifu, ukumbini zaidi, mlangoni kwa Chiriku ikanishika kooni. Alikuwa amejilaza kitandani na daftari lake la sayansi, akashtuka akavuta shuka.

"Inuka."

"Mama Mkubwa, nimechoka."

"Inuka, Chiriku, sasa hivi."

Nikainua godoro. Chini yake kulikuwa na pasi ya mkaa. Chini ya pasi, kamusi yako. Chini ya kamusi, kishikwambi, kimezungushiwa mkanda wa sare na kukazwa hadi tundu la mwisho, na bado kilikuwa kimetuna na kuupinda mkanda. Nilikigusa. Kilikuwa na joto la mtoto mwenye homa.

Amelala juu yake tangu Alhamisi. Nimelala chumba cha pili, ukuta mmoja kati yetu, nikimshukuru Mungu kwamba umeme umekatika.

Sikupiga kelele. Nilimvuta mkono hadi nje nikamwacha kwa shemeji yako. Nikarudi na koleo la jikoni, nikakichota bila kukigandamiza, nikatembea nacho uani kama mtu aliyebeba yai bovu. Lile lundo la mchanga wa kutengenezea sakafu unalikumbuka, limekaa pale tunaahidiana kila mwaka. Shemeji yako akajaza ndoo ya bati, nikakilaza katikati, akakifunika kwa mchanga mwingine.

Chiriku alilia hadi akakosa pumzi. Hakulilia kishikwambi.

"Usikizike! Mama yumo humo!"

Somo langu la kurekodi sauti, nakuambia. Kila mtoto alitakiwa aeleze moyo unavyofanya kazi kwa kinywa chake. Yeye alieleza moyo, kisha akaendelea kukuhadithia wewe mambo yake yote, ili siku moja nikutumie. Siku tatu alirekodi. Kioo kilipoanza kuinuka Jumatano akaogopa kitapelekwa kubanwa na atarudishiwa kingine, kwa hiyo akakileta nyumbani akibane mwenyewe. Leo kidogo, kesho kidogo. Na Ijumaa alitaka kukirudisha, ameniambia hivyo, lakini akaniuliza kwanza kama kibanio kina kosa, nami nikamjibu hakina. Ndiyo akaongeza pasi.

Swali langu la juu lifute. Nimekwisha kujijibu.

Kesho sitafundisha moyo. Nitafika kabla ya wote na kusimama kwenye mlango wa darasa la sita, na hatapita mtoto hata mmoja hadi waya uchomolewe na kabati litolewe vitu vyote. Wageni wakifika watanikuta pale, nitawaeleza kwa mdomo wangu. Wakinipeleka milimani nitamchukua Chiriku twende wote, tutalala hata kwenye ofisi ya shule. Yeye nimeshamweleza ukweli wote, na mkono wa Mwalimu Gundi pia. Sasa amekaa kwenye ngazi ya uani anaitazama ndoo. Nimemwambia asogee mbali, anasogea hatua moja na kuanza kurudi.

Nimegusa bati la ndoo kwa mgongo wa mkono. Limeanza kupata joto.

Basi nimalizie. Nisalimie wenzako wa kazini, hasa yule anayekugawia chai yake. Shangazi anakusalimu, magoti yanamsumbua ila ulimi bado mzima. Binamu fundi cherehani anasema ukirudi umletee vifungo vikubwa. Jirani wa ukuta wa pili naye ananiambia nikuandikie kwamba yule kuku wako

Mdogo wangu, taa ya sebuleni imewaka.

Umeme umerudi. Hata redio ya jirani imeanza kuimba. Kabati linakunywa.

Nimempigia Mkuu, simu inaita haipokelewi. Mlinzi simu yake haipatikani, bila shaka imekwisha chaji tangu jana. Nje kuna manyunyu, na siku ya manyunyu najua alipolala na alichokiegemea. Swichi kuu ya shule iko ukutani nyuma ya ofisi, naifikia nikinyoosha mkono. Shemeji yako ameshatoa baiskeli, atanipakia. Chiriku anakwenda kwa jirani, nimemwona akiingia na mlango umefungwa. Barua naiacha mezani chini ya kamusi yako. Shemeji yako akirudi ataifikisha kwa mkunga.

Nimeandika mistari hii ya mwisho nimesimama, viatu miguuni. Mungu akufunike huko uliko, akupe usingizi, amweke mwanao. Ukiipata tu piga simu, na yeyote atakayepokea, msikilize hadi mwisho.

Ni mimi akupendaye, niliyekabidhiwa mwanao,
Dada yako.